Irving Langmuir: fundi wa ampuli aliyeipa plazma jina, akafa kabla ya kuiona leza

Tarehe 16 Agosti 1957, mzee wa miaka 76 alifariki kwa ugonjwa wa moyo huko Woods Hole, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Aliitwa Irving Langmuir. Wamarekani wengi walimjua kama mtu wa ampuli za umeme, mshindi wa tuzo ya Nobel, na mzee aliyedai kwamba anaweza kuyalazimisha mawingu kutoa mvua. Wachache walijua kwamba ndiye aliyeleta neno plazma katika fizikia.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko California. Langmuir hakuiona. Lakini leo, katika maabara ambako leza kali hupigwa ndani ya plazma ili kutoa miale ya X, jina lake halikosekani. Mawimbi yanayozaliwa humo huitwa mawimbi ya Langmuir, na kijiti cha kupimia joto la plazma nacho hubeba jina lake. Mtu ambaye karibu maisha yake yote alilipwa mshahara na kampuni ya kuuza taa aliingiaje huko?

Miwani ya mtoto wa miaka 11

Langmuir alizaliwa tarehe 31 Januari 1881 huko Brooklyn, New York, wa tatu kati ya watoto wanne wa kiume. Baba yake, Charles, alifanya kazi ya bima, na kazi hiyo iliihamisha familia hadi Paris, ambako mtoto alisoma kwa miaka mitatu. Hadi alipofika umri wa miaka 11, hakuna aliyegundua kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Siku alipovaa miwani, vitu ambavyo kwake vilikuwa ukungu mtupu vikapata umbo. Wazazi wake walimzoeza kuangalia kwa makini na kuandika alichokiona, na tabia hiyo haikumtoka hadi uzeeni. Kaka yake Arthur, aliyekuwa mtu wa kemia, alimsaidia kupanga maabara ndogo kwenye pembe ya chumba cha kulala.

Mwaka wa 1903 alimaliza masomo ya uhandisi wa metali katika shule ya migodi ya Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akavuka bahari kwenda Göttingen, Ujerumani, alikopata udaktari mwaka wa 1906. Utafiti wake ulihusu mambo yanayotokea kwenye gesi iliyo karibu na kitu chenye joto kali kinachowaka. Ukitazama nyuma, karibu kazi yake yote iliyofuata ilitoka katika jambo hilo moja: kitu cha moto, na gesi kando yake.

Aliporudi Marekani alifundisha miaka mitatu huko Hoboken, jimbo la New Jersey. Kufundisha kulimnyima muda wa kutafiti, naye hakufurahi. Katika likizo ya mwaka wa 1909 akaenda kufanya kazi ya muda mfupi katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York. Likizo ile iligeuka miaka 41.

Kwa nini ampuli ziligeuka nyeusi

Wakati huo kampuni ilikuwa na tatizo la pesa nyingi. Mwenzake Langmuir, William Coolidge, alikuwa amefaulu kuifanya tungsteni ivutike kuwa uzi mwembamba wa kuwekwa ndani ya ampuli. Wasomaji wa Kivu na Maniema wanaijua tungsteni kwa jina la jiwe lake: wolframite, ambayo wachimbaji huitoa ardhini pamoja na kasiterite. Ni metali inayohitaji zaidi ya nyuzi 3,400 ili iyeyuke, kwa hiyo inafaa kuwaka bila kukatika. Lakini zile ampuli mpya zilikuwa na kasoro. Baada ya muda kioo kiligeuka cheusi kwa ndani na mwanga ukafifia.

Kila mtu aliamini kwamba hewa kidogo iliyobaki ndani ndiyo mkosaji. Dawa yake ilionekana wazi: kuinyonya hewa zaidi, mpaka isibaki hata chembe. Langmuir hakukimbilia dawa. Aliingiza gesi mbalimbali ndani ya ampuli kwa makusudi, moja baada ya nyingine, akaangalia kila moja inafanya nini karibu na uzi wa moto. Kwa miaka karibu mitatu hakuwa na bidhaa ya kuonyesha. Mkuu wa maabara, Willis Whitney, alimwacha aendelee. Wakubwa wangapi wa kampuni wangevumilia hivyo, hata leo?

Jibu lilipopatikana liliwashangaza wote. Hewa iliyobaki haikuwa na kosa kubwa. Tungsteni yenyewe ilikuwa inageuka mvuke kwa sababu ya joto, kisha mvuke huo unaganda kwenye kioo baridi. Kuongeza ombwe, yaani kuinyonya hewa zaidi, kusingesaidia kitu. Kilichohitajika ni kinyume chake: kuijaza ampuli gesi tulivu, kwanza azoti, baadaye argoni, ili atomi za tungsteni zinazotoka kwenye uzi zigonge gesi na kurudishwa. Uzi wenyewe akaukunja kama springi ili usipoteze joto haraka. Ampuli ya namna hiyo ilianza kutoka mwaka wa 1913, na ndiyo iliyoangaza nyumba za dunia nzima kwa karibu karne moja, hadi taa za LED zilipoiondoa.

Katika shughuli ile ile alijifunza jambo la pili, ambalo halikuwa na faida kwa ampuli lakini lilikuwa na faida kubwa kwa hospitali. Uzi wa tungsteni unapowaka hutoa elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi. Wataalamu wengi walidhani elektroni haziwezi kutoka kama hakuna gesi. Langmuir alionyesha kwamba hutoka hata ndani ya ombwe kamili, na kwamba wingi wake unaweza kuhesabiwa mapema. Coolidge alilichukua wazo hilo, na mwaka wa 1913 akatengeneza bomba jipya la miale ya X: uzi wa moto unatoa elektroni, umeme unazisukuma kwa kasi, zinagonga kipande cha tungsteni, na pale zinaposimamishwa ghafla miale ya X inaruka. Kabla ya hapo, bomba la Röntgen lilitegemea mabaki ya gesi na lilikuwa na tabia ya kigeugeu, leo kali, kesho dhaifu. Mgonjwa anayepelekwa leo kupigwa radio huko Bukavu au Kisangani bado anasimama mbele ya mjukuu wa bomba lile.

Jambo hilo ni la kushika, kwa sababu leza na plazma vitalirudia kwa namna nyingine: elektroni ikikimbia sana, kisha ikasimamishwa au ikapindishwa, hutoa miale.

Mwaka wa 1912 Langmuir alimwoa Marion Mersereau, nao walilea watoto wawili, Kenneth na Barbara. Alipenda milima, theluji na ndege. Alijifunza kurusha ndege akiwa karibu na miaka 50. Kazini aligusa mambo mengi mno. Alieleza jinsi atomi zinavyogawana elektroni, akiendeleza wazo la Gilbert Lewis wa California, na kwa kuwa alikuwa mhubiri mzuri zaidi wa wazo hilo, sifa nyingi zilimfuata yeye. Lewis aliumia, naye hakupata Nobel hata mara moja. Langmuir alichunguza pia tabaka za mafuta zenye unene wa molekuli moja tu juu ya maji, kazi aliyoifanya pamoja na Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama mwanasayansi katika maabara ile. Kazi ya tabaka hizo na nyuso za vitu ndiyo iliyompa Nobel ya kemia mwaka wa 1932. Kwa mtu aliyeajiriwa na kampuni ya biashara huko Marekani, ilikuwa mara ya kwanza.

Jina lililotoka kwenye damu

Plazma yenyewe ilikuja katika miaka ya 1920. Kampuni ilitaka mabomba ya kupitisha umeme mkubwa kwenye mvuke wa zebaki. Ndani ya bomba kama hilo gesi hung'aa, kwa sababu umeme huvunja atomi: elektroni hutoka, na kinachobaki huitwa ayoni, atomi iliyopungukiwa. Taa ndefu nyeupe ambazo watu wengi wa Congo huziita neoni hufanya kazi hivyo hivyo. Radi inapopasua anga juu ya milima ya Kivu, njia yake nayo ni gesi iliyovunjika namna hiyo. Jua lote na nyota zote ziko hivyo.

Langmuir alihitaji jina la sehemu ya katikati ya bomba, ambako elektroni na ayoni zinalingana kwa idadi na gesi nzima haielemei upande wowote. Mwenzake Harold Mott-Smith alieleza miaka mingi baadaye kwamba gesi ile ilimkumbusha Langmuir damu, ambayo maji yake hubeba chembe nyekundu, chembe nyeupe na vijidudu. Waganga huyaita maji hayo plazma. Mwaka wa 1928 neno lilichapishwa kwa maana yake mpya, na kwa miaka mingi liliwachanganya wasomaji, kwani wengi walidhani ni habari ya udaktari wa damu.

Kupima kitu hicho hakukuwa rahisi. Langmuir aliingiza waya mwembamba ndani ya bomba, akabadilisha nguvu ya umeme wa waya kidogo kidogo, akasoma ni mkondo kiasi gani unapita. Kutokana na mchoro wa namba hizo aliweza kusema elektroni ni ngapi na zina joto kiasi gani. Ni kifaa cha bei ya chini kabisa, na hadi sasa vyombo vya angani hubeba kifaa cha aina hiyo.

Halafu akakuta jambo lisiloelezeka. Elektroni zilikuwa zinagawana nguvu haraka kuliko vile migongano yao ingeweza kueleza. Ni kama watu sokoni wanaojua bei mpya kabla habari haijapita mdomo kwa mdomo. Akiwa na Lewi Tonks, mwaka wa 1929, alitoa maelezo ya mitikisiko iliyomo humo: ukisogeza kundi la elektroni kutoka mahali pake, ayoni zilizobaki nyuma huzivuta zirudi, zikirudi hupitiliza, huvutwa tena, na hivyo hucheza huku na huku mamilioni ya mara kwa sekunde. Kasi ya mchezo huo hutegemea kitu kimoja tu, yaani elektroni zimesongamana kiasi gani. Hayo ndiyo mawimbi ya Langmuir.

Kutoka hapo inafuata kanuni ambayo mzee yeyote aliyewahi kusikiliza redio ya masafa mafupi usiku ameitumia bila kujua. Wimbi la redio au la mwanga linalocheza polepole kuliko elektroni za plazma haliwezi kupenya, linarudishwa. Juu ya anga kuna tabaka la plazma, nalo hurudisha mawimbi mafupi ardhini, ndiyo maana sauti ya kituo cha Ulaya ilifika hadi vijiji vya Maniema. Wimbi linalocheza haraka zaidi hupita. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoamua leo kama leza itaingia ndani ya plazma au itarudi nyuma kama mpira.

Oktoba 1927, akiwa katikati ya kazi hizo, Langmuir alikuwa Brussels, mji mkuu wa taifa lililoitawala Congo wakati huo, kwa mkutano wa Solvay. Picha ya mkutano ule ni maarufu. Katika safu ya mbele Marie Curie na Albert Einstein wameketi, na wa kwanza kabisa kutoka kushoto ni Langmuir. Alikuwa pia na kamera ndogo ya sinema, akawapiga wakubwa wale wakizungumza na kucheka mlangoni. Filamu ile ipo hadi sasa.

Kimbunga cha Oktoba 1947

Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanyia jeshi kazi ya moshi wa kuficha askari na ya barafu inayoshika ndege. Barafu ikampeleka kwenye mawingu. Mwaka wa 1946 msaidizi wake Vincent Schaefer aligundua kwamba kipande cha barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, hugeuza ukungu baridi kuwa chembe za theluji papo hapo. Novemba mwaka huo Schaefer alipanda ndege, akamwaga barafu kavu juu ya wingu, na theluji ikaanza kuanguka. Mtaalamu mwingine wa maabara, Bernard Vonnegut, alipata matokeo kama hayo kwa kutumia iodidi ya fedha.

Langmuir alishikwa na jambo hilo kuliko lolote lililotangulia. Tarehe 13 Oktoba 1947, ndege ya mradi ambao yeye alikuwa mshauri wake ilimwaga karibu kilo 80 za barafu kavu juu ya kimbunga kilichokuwa kinaelekea baharini, mbali na pwani ya Marekani. Baada ya hapo kimbunga kiligeuka, kikarudi magharibi na kupiga jimbo la Georgia karibu na mji wa Savannah. Watu walikasirika, na wanasheria wa kampuni wakaanza kuogopa mashtaka.

Mtu mwingine angekana. Langmuir alifanya kinyume: alisisitiza kwamba ni wao waliokigeuza, na kwamba huo ulikuwa ushindi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kimbunga kilikuwa kimeanza kugeuka kabla ndege haijakifikia. Hakukubali. Baadaye, moshi wa iodidi ya fedha ulipokuwa unatolewa New Mexico kwa ratiba ya kila juma, alidai kwamba mvua ya majimbo ya mbali nayo imeanza kufuata mzunguko wa siku saba. Wataalamu wa hali ya hewa walimjibu kwamba mizunguko ya namna hiyo hutokea yenyewe. Mtu aliyekaa miaka mitatu na ampuli bila kukubali jibu la haraka, safari hii alikubali la kwanza lililompendeza.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba Desemba 1953, katikati ya ubishi huo, alitoa mhadhara kuhusu wanasayansi wanaojidanganya wenyewe bila nia mbaya. Mfano wake mmoja ulihusu miale. Mwaka wa 1903 René Blondlot, profesa wa Nancy huko Ufaransa, alitangaza miale mipya aliyoiita miale ya N, na wenzake wengi wakadai kuiona. Mmarekani Robert Wood akaenda kuitazama. Katika giza la maabara alitoa kimyakimya kipande cha chombo kilichopaswa kuigawa miale hiyo, na Blondlot akaendelea kusoma vipimo kama kawaida. Miale haikuwepo. Langmuir aliorodhesha dalili za ugonjwa huo kwa ufundi mkubwa: kitu kinachoonekana kwa shida, kipimo kisichoongezeka hata chanzo kikiongezwa, na majibu ya haraka kwa kila pingamizi. Hakuyataja mawingu yake.

Bernard Vonnegut alikuwa na mdogo wake, Kurt, aliyefanya kazi katika ofisi ya habari ya kampuni hiyo kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Kwenye riwaya yake ya mwaka wa 1963, mwanasayansi asiyejali matokeo ya ugunduzi wake amechorwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Langmuir. Picha hiyo ina ukali, na huenda haimtendei haki.

Leza inapoingia kwenye plazma

Leza ilipozaliwa, wataalamu waliwaza mara moja kuitumia kuchoma vitu vidogo kwa nguvu kubwa. Mwanga wa leza ukikusanywa kwenye nukta moja ya metali, uso wake hugeuka plazma mara moja. Elektroni hutikiswa na mwanga, hugonga ayoni, hupinda, hupunguza mwendo, na kila zinapopindishwa hutoa miale, ikiwemo ya X. Ni kazi ya bomba la Coolidge, ila safari hii hakuna uzi wala waya.

Hapo ndipo mawimbi ya Langmuir yalipoanza kusumbua. Waliotaka kuwasha nishati ya nyuklia kama ya jua kwa kutumia leza waligundua kwamba sehemu ya mwanga wao huishia kuyatikisa mawimbi hayo, nayo huurudisha mwanga nyuma na kurusha elektroni kali zinazoharibu jaribio. Miaka mingi ilipotea katika kupambana nayo. Maabara ya Livermore, California, iliyofaulu kwa mara ya kwanza tarehe 5 Desemba 2022, hupiga miali 192 ya leza ndani ya kopo dogo la dhahabu; kuta za kopo hugeuka plazma na kutoa miale ya X, nayo ndiyo hukandamiza punje ya haidrojeni iliyo katikati. Siku ile leza ilileta megajuli 2.05, na punje ikatoa megajuli 3.15.

Wengine waliona kwamba adui huyo anaweza kuwa mtumishi. Mwaka wa 1979 Toshiki Tajima na John Dawson wa Los Angeles waliandika kwamba mpigo mfupi wa leza ukipita kwenye plazma utaacha nyuma yake wimbi la Langmuir. Anayepanda boti ya mwendo kasi kati ya Goma na Bukavu ameliona jambo hilo kwa macho: boti inapita, maji yanafunguka, na mgongo wa wimbi unaifuata kwa kasi ile ile ya boti. Mtu mwenye ubao angeweza kuliteleza wimbi hilo. Elektroni nazo huliteleza wimbi la leza, na kwa kuwa leza hukimbia karibu na kasi ya mwanga, elektroni hufika kasi hiyo ndani ya milimita chache.

Wakati Tajima na Dawson wanaandika, hakukuwa na leza yenye nguvu hiyo. Mwaka wa 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, katika jimbo lile lile la New York alikofanyia kazi Langmuir, walipata njia: kuurefusha mpigo wa mwanga, kuukuza ukiwa umelegea, kisha kuubana tena. Waligawana Nobel ya mwaka wa 2018 na Arthur Ashkin. Kwa njia yao, nguvu inayofika wati bilioni mara bilioni kwa sentimita moja ya mraba ikawa jambo la kawaida katika maabara kubwa.

Mwaka wa 2004 vikundi vitatu, vya Uingereza, Marekani na Ufaransa, vilionyesha kwa pamoja kwamba elektroni zinazotoka humo zinaweza kuwa na nishati inayokaribiana, badala ya kutawanyika ovyo. Mwaka wa 2019 maabara ya Berkeley ilizifikisha nishati ya volti bilioni 7.8 ndani ya sentimita 20. Mashine ya zamani ingehitaji mamia ya mita.

Miale yenyewe hutoka hivi. Nyuma ya mpigo wa leza hubaki kitundu kisicho na elektroni, mfano wa povu, chenye ayoni tu. Elektroni inayonaswa humo huvutwa mbele, lakini pia huvutwa kuelekea katikati, hivyo hukimbia ikiyumba kulia na kushoto kama pikipiki kwenye barabara ya mashimo. Kila ikiyumba hutoa miale ya X. Kikundi cha Ufaransa huko Palaiseau kiliipima kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 2004. Chanzo chake ni chembamba kuliko unywele, kwa hiyo picha inayopigwa ina ukali ambao mashine ya hospitali haina. Watafiti wa Uingereza waliitumia kupiga picha za ndani za kipande cha mfupa wa binadamu, wakaona vijiti vidogo vya mfupa kimoja kimoja.

Kwa sasa matumizi hayo bado yako maabara. Matumizi ya kiwanda yapo kwingine, na yanapita kwenye bati, metali ambayo wachimbaji wa Walikale na Kalima hutoa kutoka kwenye kasiterite. Katika mashine zinazotengenezwa na kampuni ya ASML huko Uholanzi, matone ya bati yaliyoyeyuka hudondoshwa 50,000 kwa sekunde. Leza hulipiga kila tone mara mbili: mara ya kwanza kulibapa kama chapati, mara ya pili kuligeuza plazma yenye joto la zaidi ya nyuzi 200,000. Plazma hiyo hutoa mwanga wa urefu wa nanomita 13.5, usioonekana kwa macho, na kwa mwanga huo huchorwa saketi za telefone na kompyuta za kisasa zaidi. Bati huchimbwa pia Indonesia, China na Peru, na tone halina alama ya mgodi lilikotoka.

Mwanga huo humezwa hata na hewa, kwa hiyo kazi yote hufanyika ndani ya ombwe. Tatizo linalobaki ni masizi ya bati yanayoganda kwenye vioo, kama tungsteni ilivyoganda kwenye ampuli za mwaka wa 1909. Vioo husafishwa kwa kupitishiwa haidrojeni iliyovunjwa kuwa atomi moja moja, ambazo hushikana na bati na kuondoka nalo kama gesi. Mmoja wa watu wa kwanza kuivunja haidrojeni namna hiyo, kwa kuipitisha kwenye uzi wa tungsteni unaowaka, alikuwa Langmuir, huko Schenectady, alipokuwa anatafuta kwa nini taa zinageuka nyeusi.